Graundi Inaporuka: Simulesheni ya Chipu Inatakiwa Kuwa Sahihi Kiasi Gani?

Mwezi Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, nilifunga kifaa cha kupima kina cha maji kwenye kijito kimoja upande wa Mgeta, milima ya Uluguru. Kifaa chenyewe ni cha kawaida tu: kihisi cha mgandamizo kinachokaa chini ya maji, chipu ndogo ya mikrokontrola, kadi ya kumbukumbu na betri. Maji ya huku yanaingia mto Mgeta, Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kwa hiyo kujua kijito kinapanda lini na kwa kasi gani ni jambo la maana, kwa mkulima wa bondeni na kwa mtu wa Dar pia.

Baada ya wiki mbili nikarudi kuchukua data. Grafu ilikuwa inaruka. Siku kavu kabisa, kijito "kinashuka" sentimita 30 halafu dakika kumi baadaye kimerudi palepale. Mara chache kinapanda ghafla. Nikamuuliza mzee mwenye shamba la kabichi pale kando.

"Shikamoo mzee. Eti siku ile ya Jumanne maji yalipungua hapa?"

"Marahaba mwanangu. Jumanne nilikuwa hapahapa namwagilia tangu asubuhi. Mto haukucheza."

Mzee alikuwa sahihi, na kifaa changu kilikuwa kinadanganya. Makala hii inaeleza kwa nini kilidanganya. Pia inaeleza kosa la pili, ambalo nililifanya mimi mwenyewe nikitafuta la kwanza: nilidhani simulesheni ikiwa sahihi zaidi ndiyo simulesheni bora zaidi.

Mpira wa maji na mguu wa chipu

Tuanze na kitu ambacho kila mtu wa Mgeta anakijua. Wakulima wanavuta maji kutoka juu kwa mpira mrefu, yanashuka kwa mteremko wenyewe. Ukifungua mdomo wa mpira ghafla, maji hayatoki kwa nguvu zote papo hapo. Kuna mita mia kadhaa za maji zilizokuwa zimesimama, na lazima kwanza zianze kutembea. Ukiziba ghafla, mpira unashtuka, kwa sababu maji yaliyokuwa yanakimbia hayataki kusimama.

Umeme kwenye waya una tabia hiyohiyo. Waya wowote, hata mfupi, unapinga mkondo kubadilika haraka. Tabia hii inaitwa indaktansi na inapimwa kwa henri. Kwa makadirio ya haraka, kila milimita moja ya waya mwembamba ina kama nanohenri 1. Ni kitu kidogo mno, na ukiwasha taa ya nyumbani hutakiona kabisa. Chipu lakini inabadilisha mkondo ndani ya nanosekunde chache, yaani sehemu za bilioni za sekunde, na hapo udogo huo unaanza kuhesabika. Kanuni yake ni fupi: volteji inayozuka ni indaktansi mara kasi ya mabadiliko ya mkondo.

Sasa, ile chipu unayoiona kwenye bodi sio chipu yenyewe. Chipu halisi ni kipande kidogo cha silikoni kilichofichwa ndani ya ganda jeusi la plastiki. Kutoka kwenye silikoni kuna nyuzi nyembamba sana za chuma zinazokwenda kwenye miguu ya ganda, na miguu inauzwa kwenye bodi kwa risasi. Kila mkondo unaoingia au kutoka ni lazima upite kwenye uzi na mguu. Chipu yangu ni ya mtindo wa zamani, yenye miguu pande mbili kama tandu, ndefu kama sentimita 3.5. Njia yake ya graundi, uzi na mguu pamoja, niliikadiria kuwa na nanohenri 8.

Chipu hii inaandika kwenye kumbukumbu kwa waya nane kwa pamoja, kupitia utepe wa sentimita 25. Fikiria waya zote nane ziko juu, volti 3.3, halafu zote zinaambiwa zishuke sifuri kwa mpigo mmoja. Chaji iliyokuwa kwenye waya nane inakimbilia graundi, na yote inapita kwenye mguu uleule mmoja. Mguu unapinga. Kwa nanosekunde chache graundi ya ndani ya silikoni haiko tena sawa na graundi ya bodi, imepanda. Hiyo ndiyo wahandisi wanasema "graundi imeruka", na ni aina mojawapo ya kelele za kuwasha na kuzima.

Shida ni kwamba kipimo cha kina cha maji kinasomwa ndani ya silikoni hiyohiyo. Ni kama mtu aliyekaa kwenye mtumbwi: mtumbwi ukiinuliwa na wimbi, yeye anaona mti wa ufukweni umeshuka. Kihisi changu kinatoa volti 3.3 kwa mita 5 za maji, sawa na volti 0.66 kwa mita. Graundi ikiruka milivolti 200 wakati kipimo kinasomwa, mto "unashuka" sentimita 30. Na kwa kuwa graundi ikiruka haitulii mara moja bali inayumba juu na chini, mara nyingine mto "unapanda".

Hili halikuanza na mimi. Miaka ya 1980, chipu za mantiki zilipoanza kuwa na kasi, kelele hizi zilisumbua dunia nzima ya elektroniki. Ilikuwa ni desturi kuweka graundi na umeme kwenye miguu ya pembeni kabisa ya ganda, yaani kwenye njia ndefu kuliko zote. Texas Instruments walifika mahali wakatoa chipu zenye graundi na umeme katikati ya ganda, ili tu kufupisha njia hiyo.

Ngazi ya kwanza: hesabu ya karatasi

Twende taratibu. Kila waya wangu, ukishuka, unasukuma mkondo unaokua kama miliampea 10 kwa kila nanosekunde. Zidisha kwa nanohenri 8, unapata milivolti 80. Waya nane ni milivolti 640.

Hesabu hii inachukua dakika mbili. Mimi nilitaka kosa lisilozidi sentimita 2 za maji, ambazo ni kama milivolti 13. Weka 640 kando ya 13 uone. Hata kama hesabu yangu ingekuwa imekosea mara kumi, jibu lingekuwa lilelile: usisome kina cha maji wakati waya zinabadilika. Dawa yake ni mstari mmoja wa programu. Soma kwanza, andika baadaye, na baada ya kuandika ngoja maikrosekunde 10 kabla ya kusoma tena.

Ningekuwa na busara, hadithi ingeishia hapo na kifaa kingerudi mtoni mwezi Januari. Sikufanya hivyo. Nilitaka "namba ya kweli".

Ngazi ya pili: transista zinapojibu

Hesabu ya karatasi inachukulia kwamba waya nane ni mara nane ya waya mmoja. Kumbe sivyo. Graundi ya ndani ikipanda, transista zinazovuta waya chini zinabaki na volteji ndogo ya kufanyia kazi. Zinalegea, mkondo unakua polepole zaidi, na kelele yenyewe inapungua. Yaani kelele inajifunga breki. Kadiri waya zinavyoongezeka, kila waya mpya unachangia kidogo kuliko uliotangulia.

Ili kuona hili unahitaji programu inayofuatilia transista hatua kwa hatua. Mama wa programu hizi ni SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, kazi ya Laurence Nagel na mwalimu wake Donald Pederson. Leo kuna ngspice, unaipakua bure na inafanya kazi hata kwenye laptopu ya kawaida. Kwangu simulesheni ilichukua sekunde chache na jibu likawa milivolti 430 badala ya 640.

Kuna tahadhari mbili hapa ambazo wanafunzi wengi tunaziruka.

Ya kwanza ni kuhusu modeli unayopewa. Watengenezaji wengi hawatoi siri za transista zao. Wanatoa faili za IBIS, utaratibu ulioanza mwaka 1993 kwa msukumo wa Intel, ambazo zinaeleza tabia ya mguu bila kuonyesha kilichomo ndani. Ni nyepesi na zinakimbia haraka. Lakini ile breki niliyoieleza, ya transista kulegea graundi inapopanda, haikuwemo ipasavyo mpaka toleo la 5.0 la mwaka 2008. Ukitumia modeli ya zamani kwa kelele za waya nyingi kwa pamoja, utapata namba kubwa mno na hutajua imetoka wapi.

Ya pili ni hatua ya muda. Programu haioni muda wote. Inapiga picha, inaruka, inapiga nyingine. Badiliko lako likichukua nanosekunde 2 na wewe umeweka hatua ya nanosekunde 1, kilele kinaweza kupita katikati ya picha mbili usikione. Vilevile namna ya kukokotoa ina tabia zake. Njia ya trapezi, ambayo SPICE huitumia usipoigusa, inaweza kubuni mtikisiko ambao kwenye saketi haupo. Njia nyingine inayoitwa Euler ya kurudi nyuma inafanya kinyume, inaua mtikisiko uliopo kweli. Dawa ni kupunguza hatua kwa nusu na kurudia. Mtikisiko ukibadilika sana, ujue unatazama tabia ya programu, sio ya chipu.

Ngazi ya tatu: mchoro mzima wa ganda

Hapa ndipo nilipopotea. Kuna programu zinazogawa ganda zima, nyuzi na miguu yote, kuwa visanduku vidogo, kisha zinakokotoa sumaku na umeme ndani ya kila kisanduku. Picha zake zinavutia, zina rangi, zinapendeza kwenye slaidi. Nikajiambia: huu ndio usahihi sasa.

Angalia bei yake. Ukitaka kuona vitu vidogo mara mbili zaidi, unapunguza upande wa kisanduku kwa nusu. Kwa urefu, upana na kimo, visanduku vinakuwa mara 8. Kwa njia zinazotembea na muda, hatua ya muda nayo lazima iwe nusu, kwa hiyo kazi inakuwa mara 16. Simulesheni yangu ya kwanza ilichukua saa 3. Ya pili ilitaka saa 48. Ya tatu ingetaka siku 32, na hiyo sikuithubutu.

Hizo saa 48 umeme ulikatika mara mbili, na laptopu yangu betri yake ilishachoka zamani. Nikaanza upya, nikaanza tena upya. Siku tisa zikapita. Nilipopata jibu, ganda lililochorwa lote lilikuwa limebadilisha matokeo kwa kama asilimia 3.

Kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu kuna kipimo rahisi ambacho ningekitumia kabla ya kuanza. Ndani ya plastiki ya namna hii ishara inatembea kama sentimita 15 kwa nanosekunde. Badiliko langu linachukua nanosekunde 2, kwa hiyo "urefu" wake ni sentimita 30. Kanuni ya mkono inasema: kitu kifupi kuliko sehemu moja ya sita ya urefu huo, hapa sentimita 5, unaweza kukichukulia kama kipande kimoja. Ganda langu lina sentimita 3.5. Halikuhitaji kugawanywa.

Kwa prosesa za kisasa mambo ni tofauti. Badiliko la pikosekunde 50 lina urefu wa milimita 7.5, na sehemu ya sita yake ni kama milimita 1.25. Hapo ganda lolote ni refu, na wanaotengeneza chipu hizo hawana ujanja, lazima wagawanye.

Na tazama nilichoacha. Utepe wangu wa sentimita 25 nilikuwa nimeuweka kwenye simulesheni kama kapasita moja tu! Huo ni mrefu mara kadhaa kuliko kipimo kile. Ishara inakwenda mpaka mwisho wa utepe na kurudi kama mwangwi baada ya nanosekunde 2.5 hivi, na mwangwi huo unapiga graundi mara ya pili. Nilipouweka utepe kama njia ndefu badala ya kapasita, namba ilitoka 430 ikafika 520. Ni badiliko la asilimia 20, kwa kazi ya nusu saa. Siku tisa nilizitumia kung'arisha sehemu ambayo haikuwa na tatizo, na iliyokuwa na tatizo sikuigusa.

Kifaa cha kupimia nacho kinadanganya

Utasema: si upime tu? Kuna njia nzuri. Unaacha mguu mmoja wa kutolea ishara ukiwa sifuri, hauguswi, halafu unaweka osiloskopu hapo. Mguu huo uko sifuri kwa graundi ya ndani, kwa hiyo graundi ikiruka, nao unaruka. Unakuwa umechungulia ndani ya ganda bila kulipasua.

Nilipopima nilipata milivolti 300 hivi. Karibu niitupe simulesheni yote. Lakini osiloskopu niliyotumia ni ya megahezi 100. Gawanya 0.35 kwa namba hiyo: kifaa chenyewe kinahitaji nanosekunde 3.5 kupanda. Hakiwezi kuonyesha kilele cha nanosekunde 2 kwa ukamilifu wake, kinakibonyeza. Nilipoongeza uzito wa osiloskopu ndani ya simulesheni, 520 ikawa 310. Zikakubaliana. Somo nililolipata ni hili: ukitaka kulinganisha simulesheni na kipimo, kifaa cha kupimia nacho kiingie kwenye simulesheni.

Wakati undani unapolipa

Nisieleweke kwamba hesabu ya karatasi inatosha kila siku. Swali langu la pili lilikuwa hili: je, kelele hizi zinaweza kuamsha waya wa amri ya kuandika, ambao unatakiwa kutulia, na kuharibu data? Kumbukumbu yangu inahesabu chochote chini ya volti 0.8 kuwa sifuri. Karatasi inasema 640. Kati ya 640 na 800 nafasi ni ndogo, na karatasi ina kitu ilichokiacha kabisa.

Silikoni ina kapasitansi yake kati ya umeme na graundi. Ukichukua nanofaradi 1, pamoja na nanohenri 16 za mguu wa umeme na wa graundi kwa jumla, unapata bembea: inayumba mara moja kila nanosekunde 25. Ukiandika mfululizo kwa mwendo unaolingana na bembea hiyo, kila pigo linakuta la kwanza halijatulia na kuongezea juu yake. Modeli isiyo na kapasita hiyo haitakuonyesha jambo hili hata uipe mwezi mzima. Nilipoiweka, nikaandika kila nanosekunde 50, yaani kila bembea ya pili, kilele kilifika milivolti 610. Bado chini ya 800. Nikaongeza vizuizi vidogo kwenye waya nane ili zishuke polepole, nikalala usingizi.

Kwa hiyo, kabla hujaongeza usahihi wa simulesheni yoyote, iwe ya chipu, ya mto au ya daraja, jiulize mambo matatu. Kwanza, ni uamuzi gani unausubiri, na je, jibu sahihi zaidi litaubadilisha? Mbele ya milivolti 13, namba 430 na 640 ni jibu moja. Mbele ya 800, sio jibu moja. Pili, unajua kosa lako linaegemea upande gani? Kuacha breki ya transista kunakupa namba kubwa mno, na hilo ni kosa la salama. Kuacha bembea kunakupa namba ndogo mno, na hilo ndilo linaloua vifaa. Tatu, ni sehemu ipi ya mfumo wako iliyochorwa vibaya kuliko zote? Anzia hapo, hata kama sehemu nyingine ina picha nzuri zaidi.

Kifaa changu kilirudi Mgeta wiki ya pili ya Aprili, masika yakiwa yameshapamba moto. Tangu siku hiyo hakijaruka hata mara moja. Lakini mwezi Machi wote kwenye data yangu ni mtupu, na ndio mwezi kijito kilipopanda sana.

Mzee wa kabichi alinionyesha jiwe kubwa kando ya maji. "Yalifika hapa," akaweka kidole kwenye ufa wa jiwe, "usiku mmoja wa Machi, mpaka nikahamisha mipira yangu." Nikatoa futi kamba, nikapima kutoka kwenye ufa mpaka usawa wa maji wa siku ile, nikaandika kwenye daftari. Huenda kidole chake kina kosa la sentimita 10. Kwa Machi nzima, ndicho kipimo pekee nilichonacho.